Pete za aota: kuotesha mishipa midogo ya damu katika maabara za Nyanda za Juu Kusini

Kipande cha aota ya panya (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni) chenye upana wa milimita 1, kikizikwa ndani ya jeli ya kolajeni na kunyweshwa midia, yaani kimiminika cha kulishia seli, huanza kuchipua siku ya tatu au ya nne. Siku ya saba kinaonekana kama mche wa parachichi uliong'olewa pamoja na mizizi: katikati kitu cheusi, pembeni nyuzi zinazogawanyika na kugawanyika tena. Nyuzi hizo ni kapilari mpya. Roberto Nicosia wa Marekani aliieleza njia hii mwaka 1982, na mwaka 1990 yeye na mwenzake Ottinetti wakaonyesha kwamba mishipa huota hata bila seramu, jambo lililowezesha kuihesabu kwa uhakika.

Ipo njia ya haraka zaidi, ya kumwaga seli za mshipa wa kitovu juu ya jeli na kuona mirija ndani ya saa chache. Ile inaonyesha aina moja tu ya seli zikijipanga. Pete ya aota ina kila kitu ambacho mshipa halisi unacho: seli za endothelia zinazotandaza ukuta wa ndani, seli zinazouvika mshipa kwa nje, faibroblasti na makrofaji. Ndiyo maana anayetaka kujua kama dawa fulani ya kienyeji inasaidia kidonda kupona, au kama inanyima uvimbe damu, atapata jibu linaloaminika zaidi kwenye pete.

Panya wanauawa, kwa hiyo kibali cha kamati ya maadili ya taasisi kinatangulia kila kitu, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inahusika. Ukiwa bado unasubiri kibali, nunua kuku waliochinjwa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, na ujizoeze kusafisha aota zao. Ile ya kuku imelala vilevile kando ya uti wa mgongo, na mkono wako utakosea pale pale utakapokosea kwa panya. Kuku kumi wanatosha.

MAMBO YA MWINUKO KWANZA

Miongozo mingi imeandikwa na watu wanaofanya kazi karibu na usawa wa bahari. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700, na hapo kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 82 hadi 83 badala ya 101. Iringa haiko mbali na hapo, na Njombe ni juu zaidi. Tofauti hii inaharibu mambo mawili kimyakimya.

La kwanza ni otoklevu, mtungi wa mvuke wa kuua vijidudu. Geji ya kanieneo ikisoma pauni 15 kwa inchi ya mraba, Dar es Salaam ndani kuna joto la nyuzi 121. Mbeya, kwa geji ileile, ndani kuna kama nyuzi 118, na spora sugu zinaweza kubaki hai. Hapa geji inatakiwa isome karibu pauni 18, ilimradi otoklevu yako imeruhusiwa kufika huko. Angalia kibao cha mtengenezaji. Kama haijaruhusiwa, baki na 15 na uongeze muda hadi dakika 40. Mtungi wenye kipimajoto chake ndani una nafuu, kwa sababu unafuata joto wala haujali geji. Na maji ya kuchemka usiyategemee kwa usafi wowote wa maana: hapa yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi.

La pili ni inkubeta, kabati la joto la kukuzia seli. Midia yenye baikaboneti hutulia kwenye pH 7.4 kwa sababu ya kabonidayoksaidi iliyoyeyuka ndani yake, na kinachoiyeyusha ni kanieneo ya gesi yenyewe, si asilimia inayosomeka mlangoni. Asilimia 5 ya hewa ya Mbeya ni gesi pungufu kuliko asilimia 5 ya hewa ya pwani, na pH inapanda kwa kama 0.1. Ili kupata gesi ileile unahitaji karibu asilimia 6.2. Shida ni kwamba vihisio havifanani. Vya infraredi huhesabu wingi wa molekuli, hivyo kilichosetiwa usawa wa bahari kinaweza kuonyesha 5 wakati asilimia halisi imeshapita 6. Vinavyopima kwa upitishaji wa joto husoma asilimia halisi. Kwa hiyo usibishane na tarakimu. Weka mililita 5 za midia kwenye kisahani usiku mzima, asubuhi itoe na uipime kwa mita ya pH ndani ya dakika moja, kabla gesi haijatoroka. Ikisoma 7.5 au zaidi, ongeza CO2 kwa nusu asilimia na urudie kesho yake.

Gesi yenyewe haina shida kanda hii. CO2 huchimbwa ardhini wilayani Rungwe, upande wa mlima Kyejo, na kujazwa kwenye mitungi kwa ajili ya soda na bia. Ya daraja la vinywaji ni safi vya kutosha. Weka tu chujio la mikromita 0.2 kwenye mpira unaoingia inkubeta.

MAHITAJI

Panya weupe wa maabara wenye wiki 6 hadi 8. Wakizidi miezi mitatu, uchipuaji hupungua sana, na hili ndilo kosa la kwanza la wanaoanza: wanachukua panya aliyebaki kwenye utafiti wa mtu mwingine kwa sababu ni wa bure.

Vibano viwili vyenye ncha nyembamba sana, mkasi mdogo wa macho, na visu vya upasuaji vyenye blade namba 10. Hadubini ya kupasulia yenye mwanga wa baridi, na hadubini inayotazama sahani kutoka chini yenye lenzi ya 4 na ya 10. Kabati la usalama wa kibayolojia. Sahani ya vishimo 96. Sindano ya mililita 1 yenye nido ya namba 27 au 30.

Midia ya Opti-MEM au MCDB 131. Seramu ya ndama. Penisilini yuniti 100 na streptomaisini mikrogramu 100 kwa mililita. Na HEPES, kemikali ya kutuliza pH, milimola 20. Wengi huiona HEPES kama nyongeza tu. Umeme ukikatika, vali ya CO2 inafunga na midia inaanza kupanda pH. HEPES inakununulia muda wa saa mbili tatu.

VEGF, yaani ile protini inayoita mishipa, inanunuliwa ikiwa unga uliokaushwa. Kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 800 na barafu kavu haipatikani kila siku; unga unavumilia safari ya basi ya usiku, kimiminika hakivumilii. Chupa ya mikrogramu 10 iyeyushe kwa mikrolita 100 za PBS (maji ya chumvi na fosfeti) safi yenye asilimia 0.1 ya albumini, kisha igawe mikrolita 5 kwa kila kichupa na ugandishe. Albumini isikosekane: bila hiyo VEGF hunata kwenye plastiki na unachokiweka kwenye midia ni maji. Mikrolita 3 za mchanganyiko huo ndani ya mililita 10 za midia zinakupa nanogramu 30 kwa mililita. Kichupa kikishayeyuka, kitumie au kitupe, usikirudishe friza.

KOLAJENI

Ya dukani ni nzuri lakini lazima isafiri ikiwa baridi bila kuganda, na kolajeni iliyoganda barafu hata mara moja haifai tena. Mikia ya panya unaowatumia inatosha kukutengenezea ya kwako.

Osha mkia kwa spiriti ya asilimia 70. Anza ncha ya mkia: bana kwa koleo, vunja pingili, vuta taratibu. Zitatoka nyuzi nyeupe zinazong'aa kama uzi wa nailoni. Hizo ndizo kano. Endelea pingili kwa pingili kuelekea shinani. Zikate, zitenge na nyama au damu yoyote, ziloweke kwenye spiriti ya asilimia 70 dakika 20, kisha uzisuuze kwa maji safi yaliyochemshwa kwenye otoklevu. Kwa kila gramu 1 ya kano mbichi tumia mililita 100 za asidi ya asetiki ya mola 0.02, yaani mililita 1.15 za asidi kali kwenye lita moja ya maji. Koroga polepole kwenye friji saa 48. Utaona kano zinavimba, zinageuka kama ute wa yai, halafu zinapotea. Zungusha kwenye sentrifuji kwa g 10,000, nusu saa hadi saa nzima, kwenye nyuzi 4, na uchukue kilicho juu.

Huwezi kuichuja kwa sababu ni nzito, na ukiipeleka otoklevu itakuwa gelatini. Isafishe hivi: mimina mililita 10 za klorofomu kwenye chupa ya kioo, halafu teremsha mililita 100 za kolajeni juu yake kwa kuifuatisha ukutani, bila kutikisa. Iache friji usiku mzima, na kesho yake ndani ya kabati vuta sehemu ya juu tu. Kioo, tafadhali. Chupa ya plastiki ya kawaida itayeyuka mezani.

Kujua ukolezi, kausha mililita 1 kwenye karatasi ya alumini iliyopimwa, kwa nyuzi 60, mpaka uzito usibadilike. Asidi inaruka, kinachobaki ni kolajeni. Kwa kawaida utapata kati ya miligramu 2 na 4 kwa mililita.

Kutengeneza mililita 10 za jeli ya miligramu 1 kwa mililita, kutoka kwenye akiba ya miligramu 3, weka chupa juu ya barafu na uchanganye kwa mpangilio huu:

1. MEM ya mara 10 (midia iliyokolezwa mara kumi), yenye rangi ya fenoli nyekundu: mililita 1.
2. Sodiamu baikaboneti ya asilimia 7.5: mililita 0.3.
3. Maji safi: mililita 5.3.
4. Kolajeni: mililita 3.33. Vuta na sukuma polepole. Mapovu hayatoki tena.
5. Sodiamu haidroksaidi ya mola 1: anza na mikrolita 40, kisha ongeza 5 kwa 5.

Macho yako hapa ndiyo mita. Mchanganyiko wa njano ya limau una asidi bado na hautaganda. Ukifika rangi ya nyama ya papai bivu, simama hapo hapo. Ukipita na kuwa waridi kama ua la bogenvilia, umezidisha; unaweza kuurudisha kwa tone la asidi, lakini jeli itakayotoka ni dhaifu, bora utengeneze upya. Usiende juu ya miligramu 2 kwa mililita ukidhani jeli ngumu ni bora. Vichipukizi vinapaswa kujitoboa njia, na kwenye jeli nzito vinaishia ukingoni.

KUTOA NA KUSAFISHA AOTA

Panya auawe na mtu aliyefunzwa, kwa CO2 inayoingizwa kwa kiasi cha asilimia 30 hadi 70 ya ujazo wa chumba kwa dakika. Kwa sanduku la lita 10 ni lita 3 hadi 7 kwa dakika. Thibitisha kifo. Lowesha manyoya yote ya kifuani kwa spiriti ya asilimia 70 mpaka yalale. Unywele mmoja unaopeperuka ukitua kwenye kisahani unatosha kuharibu sahani nzima.

Fungua kifua, ondoa mapafu, sogeza moyo. Aota utaiona nyuma, mrija mweupe uliolala juu ya uti wa mgongo. Ikate kutoka kwenye upinde wake hadi kwenye kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, ukiitenga na mgongo kwa mkasi na si kwa kuivuta. Iingize mara moja kwenye kisahani chenye PBS baridi. Kuanzia hapo hadi kuizika, au kuilaza kwenye midia ya usiku inayoelezwa hapa chini, usizidi saa mbili.

Sasa inakuja kazi inayoamua kila kitu. Chini ya hadubini ya kupasulia aota imevikwa koti la mafuta na nyuzi laini. Koti hilo likibaki, faibroblasti zake zitamiminika kwenye jeli siku ya pili na kuifunika mishipa, na damu iliyoganda ndani itaziba njia. Ukilikwangua mno, nako unaondoa tabaka la nje la ukuta wenyewe, ambamo mna seli zinazosaidia mishipa kuchipua. Unachotafuta ni mrija usio na mafuta, wenye uso laini lakini wenye ukungu kidogo, si unaong'aa kama plastiki. Shika mafuta kwa kibano kimoja, kata kwa mkasi sambamba na mrija. Vitawi vinavyoelekea kwenye mbavu vikate karibu na ukuta.

Suuza ndani kwa sindano, taratibu, mpaka maji yatoke bila wekundu. Na hapa pana katazo moja lisilo na msamaha: ncha ya kibano isiingie kamwe ndani ya mrija. Seli za endothelia zimetandazwa tabaka moja tu, na zikiguswa zinabanduka kama utando juu ya maziwa. Pete iliyoshikwa ndani utaiona siku ya saba ikiwa upara upande mmoja.

Kata ncha zote mbili uzitupe. Kisha kata pete za milimita 1 kwa kisu kipya, ukikandamiza mara moja bila kusaga kama msumeno; karatasi ya grafu chini ya kisahani inasaidia upana usibadilike. Aota ya kifuani ya panya mmoja hutoa karibu pete 20. Zisuuze mara nane kwa midia isiyo na seramu, kila mara kwenye kisahani kipya. Inachosha, lakini ndipo unapoondoa vimeng'enya na vipande vya seli zilizopasuka.

Unaweza kuziacha usiku mzima kwenye Opti-MEM isiyo na seramu, kwenye nyuzi 37, ili zote zianze zikiwa na njaa sawa. Kwa wanaotumia panya wadogo, wale wa gramu 20 na kitu, hatua hii ni ya lazima, na pete zao zikatwe nusu milimita.

KUZIKA NA KULISHA

Jaza vishimo vyote vya ukingoni mwa sahani kwa mikrolita 200 za maji safi. Unabaki na 60 vya ndani, ambavyo ni panya watatu. Kati ya Juni na Oktoba hewa ya huku ni kavu, na vishimo vya ukingoni hukauka hata ndani ya inkubeta yenye sinia la maji.

Weka mikrolita 50 za jeli kwa kishimo, ukifanya vishimo kumi kwa wakati. Inua pete kwa kibano ukiishika ukuta kwa nje, gusisha kwenye tishu safi ili PBS isidondoke kwenye jeli, izamishe katikati. Ilaze kama chapati, tundu likitazama juu. Wapo wanaoisimamisha kama gurudumu na wanapata matokeo mazuri. Kinachoharibu ni kuchanganya staili mbili kwenye sahani moja.

Mwezi wa sita na wa saba meza ya maabara ya Mbeya asubuhi inaweza kuwa nyuzi 14 au 15. Kwenye kuchanganya hiyo ni neema, kwa maana jeli haikugandii kwenye pipeti kama inavyofanya pwani. Kwenye kuzika ni balaa. Jeli inachelewa kuganda, pete inazama hadi sakafu ya kishimo, na seli zinatambaa kwenye plastiki badala ya kujenga mishipa. Tena kolajeni inayoganda kwenye baridi hutengeneza nyuzi nene na matundu makubwa, kwa hiyo majaribio ya Julai na ya Novemba hayafanani hata kama ulipima sawasawa. Pasha chumba hadi nyuzi 22 hadi 25, acha sahani dakika 10 bila kuigusa, kisha iingize inkubeta saa nzima. Jeli iliyoiva inakuwa na ukungu mweupe kidogo, na ukiinamisha sahani haitembei.

Ongeza mikrolita 150 za midia yenye seramu asilimia 2.5 na VEGF nanogramu 30 kwa mililita. Badilisha siku ya tatu, halafu kila baada ya siku moja. Inamisha sahani, vuta mikrolita 100 kutoka ukingoni, usiifuate jeli. Ukiacha kubadilisha midia na kuhesabu, usifungue mlango wa inkubeta kwa ajili ya kuchungulia. Hamu hiyo inaua majaribio mengi kuliko vijidudu.

Jambo ambalo wengi hawalitegemei: pete za panya mkubwa (si wale wadogo wa gramu 20 na kitu) huchipua hata pasipo VEGF. Jeraha la kisu lenyewe linatosha kuzifanya zitoe VEGF yake. Kwa hiyo vishimo vyako vya ulinganisho havitakuwa na sifuri, na hilo si kosa. Kosa ni kuweka seramu asilimia 10 mpaka tofauti yote inamezwa.

UNAPOJARIBU DAWA AU MMEA

Yeyusha kwenye DMSO, kiyeyushi cha maabara, na DMSO isizidi asilimia 0.1 kwenye midia. Vishimo vya ulinganisho navyo vipewe DMSO ileile. Ukitaka kizuizi cha kulinganishia, sunitinib inafaa. Bevacizumab iache, hata kama duka la dawa la hospitali linayo: ilitengenezwa kushika VEGF ya binadamu, na kwa wanyama hawa wadogo haikupi ulinganisho wa kuaminika.

Magome ya miti yana mtego wake. Njombe miwati imelimwa miaka mingi kwa sababu tanini ya magome yake inageuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu. Inachofanya kwenye ngozi ni kuikaza kolajeni, na jeli yako ni kolajeni tupu. Mchemsho wenye tanini utaigeuza jeli kuwa kahawia na ngumu, mishipa haitapita, na utaandika kwamba umegundua dawa ya saratani kumbe umetengeneza ngozi. Kabla ya kupoteza pete, mimina mchemsho kwenye kishimo chenye jeli pekee na ukiache siku mbili. Jeli ikibadilika rangi au kunywea, ondoa tanini kwanza kwa unga wa PVPP.

Mtego wa pili ni sumu. Mishipa isiyoota inaweza kuwa imezuiwa au imekufa. Kwenye vishimo vitatu ondoa dawa siku ya nne, suuza, weka midia ya kawaida. Vikichipua, ilikuwa kizuizi.

KUHESABU

Tumia lenzi ya 4, kila siku kuanzia ya tatu. Vitu vya kwanza kutoka si mishipa. Ni faibroblasti: seli mojamoja, nyembamba, zilizochongoka ncha mbili, kila moja na njia yake. Mshipa ni mnene zaidi, seli zake zimeshikana bila mwanya, ukingo wake ni laini, na unaanzia kwenye pete. Ukiwa na shaka, zungusha fokasi juu na chini: mshipa una kuta mbili zinazoonekana kama reli, faibroblasti ni mstari mmoja.

Kanuni ni hizi: kila mshipa unaotoka kwenye pete ni 1, kila tawi ni 1, kitanzi kilichofunga ni 2, kwa kuwa kawaida ni mishipa miwili iliyokutana. Anayehesabu asijue kishimo kipi kina nini. Mwenzake abandike namba na aufungie ufunguo kwenye bahasha. Watu wawili wahesabu pete zilezile kumi, na wakitofautiana kwa zaidi ya moja katika kumi wakae pamoja wakubaliane upya juu ya macho yao kabla ya kuendelea.

Simu ikishikizwa kwenye lenzi ya jicho inatoa picha za kutosha. Kwa vipimo vya urefu piga kwanza picha ya kioo cha kuhesabia seli za damu kwa ukuzaji uleule; mraba wake mkubwa ni milimita 1 kamili.

Gawanya pete za kila panya kwenye makundi yote, na pete za upande wa upinde zisirundikane kundi moja. Lenga pete 8 hadi 12 kwa kila kundi kwa kila panya ukiweza. Kwa panya mmoja wa pete 20 hiyo ni makundi mawili tu. Na kwenye takwimu, n ni idadi ya panya. Pete 60 kutoka kwa panya watatu ni n ya 3, hata kama jedwali linapendeza zaidi likiandikwa 60.

Kwa kupaka rangi: fomalini ya asilimia 4 dakika 30, sabuni ya Triton ya asilimia 0.25 mara mbili dakika 15 kila moja, albumini ya asilimia 1 nusu saa, kisha isolektini B4 (protini inayonata kwenye seli za endothelia) yenye rangi ya kijani usiku mzima kwenye friji, na kusuuza mara tatu. Isolektini hushika makrofaji pia; zile ni doa za mviringo zilizotawanyika, usizihesabu.

KINACHOHARIBIKA

Hakuna kilichochipua sahani nzima: angalia umri wa panya, halafu pH, halafu VEGF iliyoyeyushwa na kugandishwa mara kadhaa. Kwa mpangilio huo.

Jeli imebanduka na kuelea: midia ilimwagwa katikati badala ya ukutani, au koti la mafuta lilibaki na faibroblasti zikaivuta.

Jeli imeyeyuka kuzunguka pete kabla ya siku ya saba: pete hazikusuuzwa vya kutosha na vimeng'enya vimeila, au ukolezi ni chini ya miligramu 1.

Utando wa nyuzi nyeupe juu ya midia ni ukungu, na masika huanzia kwenye sinia la maji la inkubeta. Badilisha maji kila wiki kwa yaliyopita otoklevu, na uongeze kopa salfeti kidogo. Usiweke jiki, mvuke wake unaua seli na kula chuma.

Umeme umekatika usiku: usifungue mlango. Saa mbili au tatu za ubaridi huchelewesha uchipuaji bila kuuua. Andika saa ulizopoteza, na hesabu ya sahani hiyo isichanganywe na ya sahani ambayo haikukatikiwa.

Mishipa iliyokuwa mingi siku ya nane imeanza kukatikakatika siku ya kumi au kumi na mbili: hiyo ni tabia yake. Jeli inaliwa, seli zinakufa, na kufikia siku ya kumi na nne pete nyingi zinabaki na vipande vichache vinene. Anayeongeza dawa siku ya tisa na kuripoti siku ya kumi na mbili kwamba dawa imeikata mishipa, aangalie kwanza vishimo ambavyo hakuvipa kitu.